Kalunguyeye Alivyohukumiwa Kuwa Kinywa cha Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na jino!

— Jino la nani?

Jino la mwenye njaa!

— Mwenye njaa yuko wapi?

Yuko mahakamani, analia!

— Basi mlete tumwone!

Ninamleta. Kaeni vizuri, na anayetafuna mahindi atafune taratibu, maana hadithi hii ina sheria ndani yake, na sheria ukiikosa neno moja tu umepotea. Hata mimi niliyeisikia mara nyingi, kuna mahali nikifika sielewi tena nani amemkosea nani. Tukifika hapo nitawaambia.

Hapo zamani wanyama wa bondeni walikuwa na mahakama. Mahakama yenyewe ilikuwa ukingoni mwa mto, na hakimu alikuwa Korongo. Korongo alisimama majini kwa mguu mmoja, mguu wa pili ameukunja tumboni, na kila alipochanganyikiwa alibadilisha mguu. Aliushusha huu, chubwi! Akaukunja ule. Kesi ikiwa nyepesi hakubadilisha. Kesi ikiwa nzito, ungedhani anacheza ngoma.

Sheria ya bondeni kuhusu kuumizana ilikuwa hii: anayemvunja au kumtoboa mwenzake kiungo, atakuwa kiungo hicho mpaka kipone. Ukimvunja mwenzako mguu, wewe ndiye mguu wake, unambeba anakotaka kwenda. Ukimtoboa jicho, wewe ndiye jicho lake, unatembea mbele ukimwambia hapa shimo, hapa mwiba. Hakukuwa na jela wala viboko.

Sheria hiyo ilikuwa na mikia miwili. Mkia wa kwanza: hahukumiwi mtu mpaka awepo shahidi aliyemwona, au akiri kwa kinywa chake. Mkia wa pili: anayedai ameumia na kumbe hakuumia, ataumizwa kwelikweli mahali hapohapo anapodai. Mmeshika?

— Tumeshika!

Shikeni yote miwili, msiachie hata mmoja.

Sasa, ukingoni mwa mto huo aliishi Kalunguyeye na mama yake. Kalunguyeye ni mnyama mdogo, ukubwa wake kama embe dodo, na mgongo wake una miiba mifupi. Akiogopa hujikunja akawa mviringo, huoni kichwa, huoni mkia. Msimchanganye na nungunungu. Nungunungu ni mkubwa na ana mishale. Huyu ni mdogo na ana akili.

Jirani yao alikuwa Fisi. Fisi alikuwa na nguvu, alikuwa na meno, na alikuwa na tumbo ambalo hakuna aliyewahi kuuona mwisho wake.

Mvua ya kwanza iliponyesha, kumbikumbi wakatoka kichuguuni. Furrr! Furrr! Wakajaa hewani. Wanyama wote wakaja, na kila mmoja akashika upande wake wa kichuguu, kama desturi ilivyokuwa. Kanga upande wake. Ngiri upande wake. Mama Kalunguyeye upande wake, akiokota mmoja mmoja na kushukuru.

Fisi akaja. Akaangalia upande wa Kanga, akautaka. Akaangalia upande wa Ngiri, akautaka. Akaangalia upande wa Mama Kalunguyeye, akautaka huo kwanza. Hakupiga hodi. Akaja mbio, kwata kwata kwata, akakanyaga.

Kacha!

Mguu wa nyuma wa Mama Kalunguyeye ukavunjika.

Kalunguyeye akaenda mahakamani kabla machozi ya mama yake hayajakauka. Siku hiyo maji yalikuwa yamemfika Korongo kwenye vidole tu.

"Mheshimiwa Hakimu, Fisi amemvunja mama yangu mguu."

"Fisi, umemvunja?"

"Mimi? Mheshimiwa, mimi niliweka mguu wangu chini. Kila mwenye mguu huuweka chini. Mguu wa bibi huyu ndio uliokuja ukakaa chini ya wangu. Tena ana miiba! Ningekuwa mtu wa kesi, mimi ndiye ningeshtaki."

Korongo akabadilisha mguu. Chubwi!

"Nani aliona?"

Kanga akasema, "Mheshimiwa, nilisikia kacha. Lakini macho yangu yalikuwa yamejaa mabawa ya kumbikumbi."

Ngiri akasema, "Mimi nilikuwa nimeinama, Mheshimiwa. Nikila huwa sioni."

"Fisi, unakiri kwa kinywa chako?"

"Kinywa changu kina kazi nyingine, Mheshimiwa." Na Fisi akacheka, hii-hii-hii!

Shahidi hakuna. Kukiri hakuna. Korongo akafunga kesi, na Fisi akaenda zake kumalizia kumbikumbi.

Mngesema basi, mguu utapona wenyewe. Lakini mvua iliendelea kunyesha. Shimo la Kalunguyeye na mama yake lilikuwa ukingoni, na kila masika mto hupanda ukaingia ndani. Miaka yote walikuwa wakihama mapema na kwenda mlimani. Mwaka huu mama hawezi kutembea. Kalunguyeye akamvuta, mama akalia. Akamsukuma, mama akalia zaidi.

"Mwanangu, niache," mama akasema. "Nenda mlimani peke yako."

"Siendi."

"Sasa nani atanibeba? Wewe mwenyewe ukibeba konokono unahema."

"Fisi atakubeba."

"Fisi! Kwa hiari yake?"

"Kwa sheria, mama."

"Sheria ipi? Ile ya jana, iliyomwacha akicheka?"

"Hiyohiyo."

Mama yake akamtazama kwa huruma, akadhani njaa imempanda kichwani.

Kalunguyeye akaenda kwenye jiwe ambalo Fisi hulalia anapokula nyama. Jiwe lote lilikuwa limelowa mafuta. Akabiringika juu yake. Biri biri biri! Akabiringika tena. Biri biri biri! Alipoinuka, ananukia mchuzi. Akaenda kwenye njia ya Fisi, akajikunja katikati, akatulia tuli.

Fisi akaja. Nus, nus, nus.

"Donge la mafuta!" akasema. "Limeniangukia mimi!"

Hakuuliza limetoka wapi. Hakuligeuza. Akapanua kinywa chote, akalibana.

Ng'wa!

"Uwiiii! Uwiiii!"

Miiba ikamwingia ulimini, ikamwingia mdomo wa juu, ikamwingia mdomo wa chini. Akalitema donge, na donge likafunguka, likatoa macho mawili.

"Shikamoo, Bwana Fisi," likasema.

Fisi alitaka kumkanyaga palepale. Kisha akakumbuka sheria, na akafurahi kuliko alivyokuwa na hasira. Akamsukuma Kalunguyeye kwa mguu mpaka mahakamani. Maji yalikuwa yamemfika Korongo kwenye kifundo.

"Nimejeruhiwa, Mheshimiwa! Nimetobolewa kinywa!"

Ngiri akaitwa, akachungulia ndani. "Kweli, Mheshimiwa. Matundu matupu. Ukimwaga uji humu utavuja kama kwenye chekecheke."

Korongo akafikiri. "Sasa mniambie. Miiba ilikwenda kwa kinywa, au kinywa kilikwenda kwa miiba?"

"Kinywa kilikwenda!" akasema Kanga.

"Lakini miiba ilikuwa njiani!" akasema Ngiri.

"Njia ni ya wote!"

"Ni ya wote kupita, si ya kulala!"

"Aliyelala anamuumizaje aliye macho?"

"Na mafuta je? Miiba tangu lini ikanukia mafuta?"

Korongo akabadilisha mguu, chubwi! Akabadilisha tena, chubwi! "Ngojeni, ngojeni. Kuumiza ni kitu kimoja. Kukusudia kuumiza ni kitu kingine. Na kuumia kwa sababu ya kutaka kumla mwenzako, hicho ni... hicho ni..." Chubwi!

"Nakiri," akasema Kalunguyeye.

Wote wakageuka kumtazama. Tangu mahakama ianze, hakuna aliyewahi kukiri.

"Unakiri nini?" akauliza Korongo.

"Nimemtoboa kinywa. Nilikusudia. Kinywa kikubwa hivyo, Mheshimiwa, hata ningefumba macho nisingekikosa."

Korongo akashusha pumzi. Kesi imekuwa nyepesi. "Basi hukumu ni hii. Kalunguyeye, umemtoboa Fisi kinywa, kwa hiyo wewe ndiye kinywa chake mpaka kipone."

Fisi akacheka, hii-hii-ai! Matundu yakamuuma. Moyoni akasema: atanitafunia mifupa. Ataniitia wanyama kwa sauti yake nyembamba, nao watakuja, nami nitawakamata. Akapaza sauti: "Naikubali hukumu, Mheshimiwa! Kuanzia sasa huyu ndiye kinywa changu!"

"Umeikubali mbele ya wote?"

"Mbele ya wote!"

"Basi funga chako."

Fisi akafunga. Pu!

Akaenda nyumbani na kinywa chake kipya kinamfuata nyuma, chapu chapu chapu. Nyumbani kulikuwa na paja la swala. Fisi akalisogeza mbele ya Kalunguyeye, akaashiria kwa kichwa: nitafunie.

Kalunguyeye akakaa. Akachuna kipande kidogo kama punje ya mchele. Akakitafuna, tafu tafu tafu. Akakimeza. Akajifuta.

"Tumeshiba," akasema.

"Mmh?" akasema Fisi.

"Kinywa kimekula, Bwana Fisi. Alhamdulillahi."

"Mmh! Mmh!" Fisi akagonga tumbo lake. Tumbo likanguruma, ngrrr!

"Aa, hiyo ni kesi ya tumbo. Mimi nimehukumiwa kinywa tu. Tumbo halikutobolewa."

Fisi akashindwa kuvumilia. Akainama alidake paja mwenyewe, akapanua taya.

"Loo!" akasema Kalunguyeye. "Kumbe kimepona? Kinapanuka vizuri! Twende basi kwa Hakimu ukamwambie hukuumia. Lakini unaukumbuka ule mkia wa pili wa sheria? Anayedai ameumia na hakuumia?"

Mnaukumbuka ninyi?

— Huumizwa kwelikweli!

Mahali wapi?

— Mahali hapohapo!

Fisi akaukumbuka pia. Akafunga taya. Pu! Paja la swala likakaa mbele yake, inzi wakalikalia, na yeye akalitazama tu.

Kulipokucha, kinywa kikala kipande kama punje ya mchele. "Tumeshiba." Jioni, kinywa kikala kipande kama punje ya mchele. "Tumeshiba." Ngrrr! likasema tumbo. "Mmh! Mmh!" akasema Fisi. Na mvua ikazidi kunyesha, na mto ukazidi kupanda, na kule shimoni Mama Kalunguyeye akajivuta mpaka ukutani, maji yanamgusa miguu.

Mwisho njaa ilimshinda Fisi. Akamnyanyua Kalunguyeye kwa kucha, akakimbia naye mpaka mahakamani, kwata kwata kwata. Hivyo ndivyo Kalunguyeye alivyotaka, maana asingeweza kumlazimisha Fisi kwenda huko. Maji yalikuwa yamemfika Korongo gotini.

"Fisi, una shida gani?"

"Mmh! Mmh! Mmh!" Fisi akagonga tumbo, akamwonyesha Kalunguyeye kidole, akafuta machozi.

"Sikuelewi," akasema Korongo. "Tumia kinywa chako."

Kalunguyeye akasogea mbele, akakohoa kidogo.

"Mheshimiwa Hakimu," akasema, "mimi Fisi nimekuja kukiri."

"Mmh?" akasema Fisi.

"Mimi Fisi, siku ya kumbikumbi, nilimkanyaga Mama Kalunguyeye nikamvunja mguu. Mguu wake haukuja chini ya wangu. Wangu ndio uliokwenda juu ya wake, tena mbio."

"Mmh! Mmh!"

"Ulikusudia?" akauliza Korongo.

"Nilikusudia, Mheshimiwa. Mimi Fisi nina tamaa sana. Nikiona mwenzangu anakula, nasikia ananiibia."

Kanga akacheka mpaka manyoya yakamtoka.

Hapa ndipo mahali nilipowaambia. Nitasema polepole. Anayesema "mimi" ni Kalunguyeye, lakini hiyo "mimi" yenyewe ni Fisi. Anayekiri kumvunja mama ni yule aliyevunjiwa mama. Mshtaki na mshtakiwa wamekuwa kinywa kimoja, na yule ambaye ndiye aliyevunja, amenyamaza. Mmeelewa?

— Hatujaelewa!

Hata Korongo. Akabadilisha mguu, chubwi! Akabadilisha, chubwi! Akaona haitoshi, akataka kukunja yote miwili kwa pamoja.

Pwaaa! Hakimu akaanguka majini.

Fisi akaona nafasi. "Si kweli!" akapiga kelele. "Sikusema mimi!"

Korongo akainuka, maji yanamchuruzika mdomoni. "Nani amesema?"

Fisi akafunga kinywa upesi. Pu!

"Nimesikia sauti ya Fisi. Fisi, ni wewe umesema? Kwa kinywa kipi? Kama ni kile kilichotobolewa, basi ni kizima, na ulinidanganya, na Ngiri aende akalete miiba. Kama si hicho, basi nimesikia vibaya, masikio yameingia maji. Ni kipi?"

Fisi akamtazama Ngiri. Ngiri alikuwa ameshasimama, na alionekana kufurahi.

"Mmh-mmh," akasema Fisi, akatikisa kichwa: hakuna aliyesema.

"Basi nimesikia vibaya. Na aliyekiri, amekiri kwa kinywa alichokikubali yeye mwenyewe mbele ya wote. Fisi, umemvunja Mama Kalunguyeye mguu. Wewe ndiye mguu wake mpaka upone. Nenda!"

"Twende mbio, tafadhali!" akasema Kalunguyeye, na mara hii sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Wakakimbia. Walipofika, shimo lilikuwa limejaa. Mama Kalunguyeye amesimama kwa miguu yake mizima, pua tu ndiyo iko juu ya maji, anapuliza mapovu, bub bub bub. Fisi akaingiza kichwa, akambeba juu ya shingo yake, akamtoa, akamkalisha mgongoni, upande wa nyuma.

"Mlimani," akasema mama, akitema maji.

"Mmh," akasema Fisi, akapanda.

Siku zikapita. Kinywa cha Fisi kikapona kweli, Kalunguyeye akaachiwa huru, na jambo la kwanza Fisi alilofanya ni kurudi mahakamani, mama bado yuko mgongoni.

"Mheshimiwa, sikukiri mimi! Ni huyu mdogo!"

"Siku ile, kinywa chako kilikuwa nani?" akauliza Korongo.

"Huyu mdogo."

"Na nani alikibeba akakileta hapa?"

"Mimi, Mheshimiwa. Nilikuwa na njaa."

"Basi." Korongo hakubadilisha mguu. "Mama, mguu umepona?"

Mama Kalunguyeye akautazama mlima, ulivyo mrefu. Akautazama mgongo wa Fisi, ulivyo mpana na wenye joto.

"Bado, Mheshimiwa," akasema. "Kwenye kushuka siyo mbaya. Kwenye kupanda ndiyo unauma."

Fisi akambeba kupanda na kushuka, akambeba mwaka mzima, mpaka mgongo wake ukainama upande wa nyuma alikokaa mama, na hivyo ndivyo ulivyo mpaka leo. Mwangalieni fisi yeyote. Mbele yuko juu, nyuma yuko chini, kana kwamba kuna mtu amekaa.

Mvua za mwaka uliofuata, kumbikumbi wakatoka tena. Furrr! Furrr! Fisi alikuwa amelala usingizi wa uchovu. Mama Kalunguyeye akashuka mgongoni polepole, akaenda kichuguuni, akashika upande wake, na wengine husema aliruka juu kudaka waliokuwa wanaruka. Fisi akaamka, akakimbia kwa hakimu, akapiga kelele: mguu mzima! Mkia wa pili! Aumizwe!

"Nani aliona?" akauliza Korongo.

Kanga akasema, "Mheshimiwa, macho yangu yalikuwa yamejaa mabawa."

Ngiri akasema, "Mimi nilikuwa nimeinama. Nikila huwa sioni."

Mafunzo ya hadithi hii ni haya. Kwanza, usimuumize mwenzako. Pili, ukimuumiza mwenzako kwa kukusudia, kiri upesi, itakusaidia sana. Tatu, usiseme kwa niaba ya mtu mwingine, utamletea matatizo. Nne, sheria iko wazi, haijawahi kumchanganya mtu, na asiyeamini akamuulize Korongo. Yuko palepale mtoni kwa mguu mmoja, bado anaifikiria.

Hadithi nimeitua. Iliyokuwa tamu ni yangu, ichukueni. Iliyokuwa chungu msinidai, kinywa hiki niliazimwa.

— Mrudishie mwenyewe!

Nitamrudishia kikipona.